MAJI GANI NDANI YA RADIATERI?

Somo la ufundi na kemia kwa wanafunzi wote



Katika sanduku la maswali la gazeti letu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliweka karatasi hii: "Niliona picha ya motokari ya zamani ya mashindano, Datsun 240Z. Wenye motokari ya namna ile wanatia nini ndani ya radiateri? Maji tu ya kisima, ao ile likidi ya rangi wanauzisha ku magazini?" Wengine walipoisoma walicheka. Walisema: "Hapa Kapalata nani iko na Datsun ya mashindano?"

Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile ni swali la nyumba yetu. Yaya yangu anafanya kazi ya konvuayeri kwenye kamiyo ya mjomba wetu, kamiyo ya zamani ya dizeli. Mwaka jana alirudi kutoka barabara ya Lubutu mkono wa kuume na kifua vikiwa vimefungwa bende. Hakupigwa na mtu, wala hakuanguka. Alifungua kifuniko cha radiateri. Mpaka leo hawezi kuunyoosha mkono ule sawasawa. Kamiyo ilikaa njiani majuma matatu, ndizi zote zikaoza. Mjomba ndiye anayenilipia masomo, basi na mimi nilikaa nyumbani majuma mawili kwa kukosa feza.

Nilitaka kujua kosa lilianza wapi. Nilimwuliza mzee mmoja fundi wa garaji, nikamwuliza mwalimu wetu wa kemia, nikasoma kitabu cha mekanike. Niliona kwamba Datsun ya mashindano na kamiyo ya mjomba ni wanafunzi wa darasa moja: somo lao ni moja. Jibu kwa ufupi ni hili: usichague likidi kwa rangi yake wala kwa bei yake. Chagua kwa kuangalia metali ambazo maji yatapita ndani yake, na maji yenyewe yawe safi. Sasa tuende hatua kwa hatua.

1. KWA NINI MOTERI INAPOZWA

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, moto unapita digri 2000. Aluminiumu inayeyuka kwa digri 660 tu. Je, kwa nini moteri haiyeyuki? Kwanza, moto ule unadumu kitambo kidogo sana. Pili, nyuma ya ukuta wa silinda kuna maji yanayopita bila kusimama na kuchukua joto.

Tukigawa nguvu ya mafuta kwa mafungu matatu, karibu fungu moja linazungusha magurudumu, fungu moja linatoka pamoja na moshi, na fungu la tatu linaondolewa hasa na maji. Ni kazi kubwa. Pompi inasukuma maji ndani ya moteri, yanapata joto, yanakwenda kwenye radiateri, yanapita ndani ya mirija myembamba, upepo na vantilateri vinayapoza, halafu yanarudi tena. Kati ya njia kuna mlango mdogo unaoitwa temostati. Moteri ikiwa baridi mlango umefungwa. Joto likifika digri 80 na kitu, unafunguka.

Kumbukeni kwamba si kila moteri inatumia maji. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo inapozwa kwa upepo. Kamiyo nyingi za zamani za Magirus-Deutz ni vile vile. Hata Porsche 911, motokari ya mashindano inayojulikana dunia nzima, ilipozwa kwa upepo mpaka mwaka 1998. Mwenye motokari kama hizo haulizi likidi. Yeye asafishe mapezi ya moteri na kuangalia mkaba wa vantilateri.

2. MAJI PEKE YAKE: SIFA MOJA NA MAKOSA MATATU

Watu wengi wanawaza kwamba likidi ya rangi inapoza kuliko maji. Sivyo. Maji ndiyo mbebaji mkubwa wa joto. Kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 4,18 ili ipande digri moja. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli unahitaji karibu kilojuli 3,5 tu. Maana yake, kilo moja ya maji matupu inabeba joto zaidi. Hiyo ndiyo sifa ya maji. Lakini yana makosa.

Kosa la kwanza: yanachemka mapema. Kwenye usawa wa bahari yanachemka kwa digri 100. Kisangani tuko karibu metre 400 juu ya bahari, maji yanachemka kwa digri 99 hivi. Kamiyo ikipanda mpaka Butembo, kupita metre 1700, yanachemka kwa digri 94 tu. Kwa sababu hiyo wafundi waliweka kifuniko chenye chemchemi ya chuma. Kinafunga mvuke ndani, shinikizo linapanda, na maji yanakataa kuchemka. Kifuniko cha bar 0,9 kinapandisha kiwango cha kuchemka mpaka karibu digri 118. Kifuniko kile kidogo ni sehemu ya moteri, si kizibo cha chupa. Mpira wake ukikatika, ao mtu akiweka kitambaa mahali pake, moteri inachemka mlimani.

Kosa la pili: maji yanakula metali. Maji yana oksijeni ndani yake. Oksijeni, maji na chuma vikikutana, tunapata kutu. Kutu inatoka vipande vipande, inakwenda kulala ndani ya mirija ya radiateri na kuiziba.

Kosa la tatu: maji yanabeba mizigo. Mahali penye mawe ya chokaa, maji yana kalsiumu. Yakipata joto yanaacha ganda jeupe, lile tunaloliona ndani ya birika. Ganda hilo linazuia joto kutoka, kama mtu anayevaa koti juani. Huku kwetu msituni mambo ni mengine. Vijito vingi vina maji meusi kama chai. Rangi ile inatoka kwenye majani yanayooza, na maji ya namna hiyo yana asidi. Hayana chokaa nyingi, lakini yanauma chuma na aluminiumu, tena yanaingiza matope. Maji ya robine nayo mara nyingi yana klori. Maji ya chumvi hayafai hata kidogo; yanatoboa aluminiumu.

Kosa la nne lipo, lakini si letu: kuganda. Maji yakiganda yanavimba karibu sehemu 9 kwa 100, na yanaweza kupasua moteri ya chuma. Ndugu zetu walio Ubelgiji ao Kanada wanaogopa jambo hilo kila mwaka. Sisi tulio karibu na ikweta hatuliogopi. Ndiyo maana watu wetu wanasema: "Ile dawa ni ya wazungu, ni ya baridi. Sisi tutie tu maji." Hapo ndipo tunapokosea. Dawa ile ina kazi mbili, na ya pili inatuhusu sisi kabisa.

3. NDANI YA LIKIDI MNA NINI

Ndani ya bidoni mna vitu viwili vya maana. Kimoja ni glikoli, mara nyingi ile inayoitwa etileni-glikoli. Yenyewe inachemka kwa digri 197. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko unachemka kwa digri 107 hivi bila kifuniko, na hauwezi kuganda mpaka baridi ifike karibu digri 37 chini ya sifuri. Basi glikoli inasukuma mbali kuchemka na kuganda.

Kitu cha pili ni dawa ya kulinda metali. Ni kidogo sana ndani ya bidoni, lakini kwa nchi yetu ndiyo ya maana zaidi. Dawa hii inaweka ngozi nyembamba juu ya chuma, shaba na aluminiumu ili maji yasiile. Kuna jamaa mbili kubwa.

Jamaa ya kwanza ni ya zamani. Inatumia chumvi kama silikati, fosfati, borati ao nitriti. Inafanya kazi upesi, inafunika kila mahali, lakini inachoka upesi vile vile. Desturi ni kuibadilisha kila miaka miwili.

Jamaa ya pili ni ya asidi za organike. Ilienea sana tangu miaka ya 1990. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuitia ndani ya motokari zake za mwaka 1996. Inalinda polepole zaidi, lakini inadumu, mara nyingi miaka mitano. Ilitengenezwa hasa kwa moteri mpya zenye aluminiumu nyingi.

Halafu kuna watoto wa jamaa hizo mbili, yaani michanganyiko. Watengenezaji wengi wa Ulaya walikataa fosfati kwa sababu ya maji yao ya chokaa. Wajapani walikataa silikati na kutumia fosfati pamoja na asidi za organike. Kila mmoja alichagua kufuatana na maji na moteri zake.

Usisahau kwamba dawa inaisha, hata kama likidi bado ina rangi nzuri. Tena glikoli yenyewe ikizeeka inageuka kuwa asidi. Likidi iliyochoka inakula kile iliyotumwa kulinda.

4. RANGI SI JINA

Sasa tunafika kwenye kosa la kamiyo yetu. Ndani ya radiateri mlikuwa na likidi ya kijani ya jamaa ya zamani. Njiani ilipungua. Shofere akanunua bidoni ya rangi nyekundu, kwa sababu muuzaji alimwambia: "Nyekundu iko na nguvu zaidi, Papa." Akaongeza. Siku mbili baadaye ikapungua tena, yaya akachota maji ya kijito. Fundi alipofungua radiateri alikuta uji mzito, kama uji wa muhogo uliolala, pamoja na kutu. Nusu ya mirija ilikuwa imeziba.

Lakini tusiseme kwamba nyekundu ni mbaya na kijani ni nzuri. Rangi ni rangi tu. Mtengenezaji anaitia ili likidi ionekane ikivuja, na ili watu wasiidhani kuwa maji. Hakuna sheria ya dunia nzima inayosema kijani iwe hivi na nyekundu iwe vile. Nyekundu ya kiwanda kimoja si ndugu ya nyekundu ya kiwanda kingine. Jamaa mbili zikikutana, mara nyingine zinafanya uji kama ule wetu. Mara nyingine hazifanyi uji, bali dawa zinaharibiana na ulinzi unapungua. Hiyo nayo ni hatari, kwa sababu macho hayaioni.

Basi soma maandishi ya bidoni, si rangi. Tafuta mambo matatu. Je, ni ya jamaa gani: silikati, ao organike, ao mchanganyiko? Je, ni nzito ya kuongezewa maji, ao imekwisha kuchanganywa? (Iliyokwisha kuchanganywa usiiongezee maji tena.) Je, inafaa kwa metali gani? Bidoni isiyo na maandishi uiache pale pale magazini.

5. ULIZA METALI

Walimu walitufundisha juu ya pili ya Volta ya mwaka 1800: metali mbili tofauti na maji ya chumvi ao asidi kati yao, umeme unapita. Radiateri ya zamani ni ya shaba nyekundu na shaba ya njano, imeunganishwa kwa lehemu ya risasi na bati. Moteri ni ya chuma cha fonti, na mara nyingi kichwa chake ni cha aluminiumu. Metali hizo zote zimelowa ndani ya maji yale yale. Ni pili ya Volta yenye magurudumu! Umeme ni mdogo, lakini metali iliyo dhaifu kuliko zote inalika, na mara nyingi ni aluminiumu.

Wafundi wanatumia jambo hilo kupima likidi. Moteri ikiwa baridi na imezimwa, waya mweusi wa voltimetri unawekwa kwenye alama ya kutoa ya batri, waya mwekundu unazamishwa ndani ya likidi bila kugusa chuma. Kipimo kikipita nusu volti, likidi imechoka.

Sasa tuangalie mifano.

Land Rover za zamani za petroli, moteri ya litre 2,25: moteri ni ya fonti, kichwa pia ni cha fonti, radiateri ni ya shaba. Jamaa ya zamani yenye silikati inaifaa vizuri.

Datsun 240Z, ile ya swali letu: moteri ya fonti, kichwa cha aluminiumu. Motokari hii ilishinda Safari Rally ya Afrika ya Mashariki mwaka 1971, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, yakipita katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika. Moteri inayokimbia katika joto la namna ile haiwezi kuwa na mrija uliozibwa hata mmoja. Kwa motokari kama hii inafaa likidi ya jamaa ya zamani, ambayo imeandikwa kwamba inalinda aluminiumu, shaba na lehemu. Ibadilishwe kila miaka miwili.

Peugeot 504: kichwa cha aluminiumu, na silinda zake ni mabomba yanayolowa moja kwa moja ndani ya maji, na mipira ya kuziba chini yake. Ilishinda Safari mwaka 1975. Mwaka 1978 ilishinda ile ya Coupé yenye silinda sita, ambayo moteri yake yote ni ya aluminiumu. Hapo maji mabaya yanaleta hasara mara mbili: yanakula aluminiumu, na yakipita mpira wa chini yanaingia ndani ya mafuta ya moteri.

Motokari mpya zenye radiateri ya aluminiumu na vichwa vya plastiki: hizo zinataka ile iliyoandikwa katika kitabu chao, mara nyingi ya organike. Usizipe ya zamani kwa kusema "hata Datsun inaitumia."

Kwa nini tusitie ya organike ndani ya motokari ya zamani, kwa kuwa inadumu? Kwa sababu baadhi ya likidi hizo haziifai lehemu ya risasi, tena zinaweza kulegeza mipira ya zamani. Radiateri inaanza kuvuja pale ilipounganishwa. Baadhi zimeandikwa kwamba zinafaa. Basi fuata maandishi. Tena, kama radiateri ya motokari ya zamani imebadilishwa na kuwekwa ya aluminiumu, uliza upya. Usiulize motokari ilizaliwa mwaka gani tu. Uliza leo ina metali gani.

6. HESABU NA KAZI

Tuseme kamiyo inachukua litre 18. Kwetu hakuna barafu, basi fungu moja la likidi nzito kwa mafungu mawili ya maji linatosha: litre 6 za likidi na litre 12 za maji. Nusu kwa nusu ni vizuri pia: 9 na 9. Lakini usipite hapo. Likidi nzito peke yake inabeba joto vibaya.

Kazi inafanywa hivi. Moteri iwe baridi kabisa. Fungua bomba la chini, toa yote ndani ya chombo. Jaza maji safi, washa moteri mpaka temostati ifunguke, zima, ngoja ipoe, toa tena. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Changanya likidi na maji ndani ya ndoo safi kabla ya kutia. Tia polepole, huku robine ya kupasha joto ikiwa wazi, ili upepo utoke. Washa kidogo, zima, ngoja ipoe, jaza tena. Kesho yake angalia mara nyingine.

Maji gani ya kuchanganya? Ya kwanza ni yaliyotonwa, kama yale ya batri. Lakini usichukue asidi ya batri kwa kukosea! Kama hayapatikani, chukua maji ya mvua. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, halafu kinga ndani ya chombo safi, chuja kwa kitambaa. Yachemshe, yapoe yakiwa yamefunikwa. Kuchemsha kunatoa sehemu kubwa ya oksijeni.

Kama feza ya glikoli haipo? Kuna dawa ya kuzuia kutu inayouzwa peke yake kwa kutiwa ndani ya maji. Kwa kuwa hatuna barafu, maji safi na dawa hiyo, pamoja na kifuniko kizima, vinaweza kulinda moteri. Hiyo ni bora mara nyingi kuliko maji ya kijito. Lakini msitie unga, yai wala sabuni ili kuziba tundu. Vitaziba tundu, ndiyo, halafu vitaziba na mirija yote.

Na njiani, likidi ikipungua na duka hakuna? Simama, zima, ngoja. Tia maji yaliyo safi kuliko mengine, kidogo kidogo. Usimwage maji baridi ndani ya moteri yenye moto, kichwa kinaweza kupasuka. Ukifika nyumbani, toa yote na kuanza upya. Maji ya njiani ni mgeni. Asifanywe mwenye nyumba.

7. HATARI MBILI

Ya kwanza ni kifuniko. Ndani ya radiateri yenye moto, maji yanaweza kuwa na digri 110 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa. Ukifungua, shinikizo linaanguka mara moja, na sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo. Litre moja ya maji ikigeuka yote inafanya karibu litre 1600 za mvuke. Mvuke huo unatoka kwa nguvu pamoja na maji yenye moto na kukurukia. Hivyo ndivyo yaya alivyoungua. Shofere alimwambia: "Fungua, dogo, tuongeze maji." Yaya alitii, kama tulivyofundishwa kutii wakubwa. Lakini ndugu zangu, katika jambo hili mtoto anaweza kujibu kwa heshima: "Papa, tungoje kwanza ipoe." Ngoja hata saa nzima, mpaka mpira mkubwa wa juu uwe baridi ukiushika. Saa moja ya kungoja si kitu mbele ya mkono wa mtu.

Ya pili ni utamu. Etileni-glikoli ni tamu, tena ni sumu. Inaharibu mafigo. Vijiko vichache vya supu vinaweza kuua mtoto mdogo. Mbwa na mbuzi nao wanaipenda. Basi usiiweke ndani ya chupa ya limonadi wala ndani ya bidoni ya maji ya kunywa, na ya zamani usiimwage kijitoni ao karibu na kisima. Bidoni iliyokuwa na likidi, hata ikioshwa, isichotee maji ya nyumbani. Mtoto akinywa, mkimbize hospitali saa ile ile pamoja na bidoni ili daktari aone. Usingoje dalili; mwanzoni anaonekana kama mlevi tu, na mafigo yanaharibika baadaye.

8. JARIBIO LA MISUMARI

Tulifanya jaribio hili pamoja na mwalimu wa kemia. Chupa nne, na ndani ya kila moja msumari mpya uliosuguliwa kwa mchanga. Chupa A: maji ya kijito. Chupa B: maji ya mvua. Chupa C: maji yaliyochemshwa, yamejazwa mpaka juu na kufunikwa kwa mafuta ya mawese yaliyoyeyushwa. Chupa D: maji ya mvua mafungu mawili na likidi fungu moja, imeandikwa SUMU kwa herufi kubwa.

Siku ya pili A ilikuwa nyekundu. B ilifuata, basi hata maji safi yanaleta kutu. C ilibaki karibu safi, kwa sababu oksijeni ilikosekana. D, juma lilipokwisha, msumari ulikuwa ukingali unang'aa. Chupa ya nne ilikuwa wazi kwa upepo kama ile ya pili. Ulinzi ulitoka wapi? Ulitoka kwenye dawa. Hilo ndilo jibu kwa wanaosema "ni ya baridi tu."

9. MASWALI YA KUJIPIMA

a) Kwa nini maji ya kamiyo yanachemka upesi zaidi Butembo kuliko Kisangani?
b) Moteri inachukua litre 12. Ukitaka fungu moja la likidi kwa mafungu mawili ya maji, utatia litre ngapi za kila kimoja?
c) Taja metali nne zinazoguswa na maji ndani ya Datsun 240Z, na useme ipi inalika mapema.
d) Rafiki yako ana likidi nyekundu na anataka kuiongeza juu ya nyekundu ya kiwanda kingine. Utamwambia nini?
e) Fafanua kwa mama mzee asiyesoma kwa nini bidoni ile isichotee maji.

Majibu ya a, b na c mnaweza kumwonyesha mwalimu wa fizike. Jibu la e mkalitoe nyumbani jioni ya leo.

KWA KUMALIZA

Ndugu wa mwaka wa kwanza, swali lako lilikuwa zuri. Sasa unajua kwamba mwenye Datsun na mwenye kamiyo ya ndizi wanauliza jambo moja, na jibu liko ndani ya metali.

Kamiyo ya mjomba imerudi kazini. Radiateri ilifunguliwa, ikapigwa sindano mirija yote, ikalehemiwa upya. Karibu na kifuniko sasa kuna maandishi ya rangi nyeupe: jina la likidi, tarehe iliyotiwa, na chini yake, USIFUNGUE MOTO. Herufi zimepinda kidogo. Yaya ndiye aliyeziandika, kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi, kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho wa umanite, Kapalata.